Kompyuta Isiyoitikia Salamu

Nilikabidhi funguo za mapokezi Ijumaa iliyopita, na kabla sijafika hata kwenye kona ya soko, Sabina aliyerithi kiti changu alikuwa ameshanipigia kuuliza simu inahamishwaje kwenda chumba cha meneja. Nikamwelekeza nikiwa nimesimama katikati ya barabara na kikapu mkononi. Jioni nikaona bora niyaandike mambo haya, maana siwezi kusimama barabarani kila siku. Vyeo nitaviruka, sikupata vya kutosha kujaza ukurasa. Mishahara nayo ni habari fupi mno. Nitaeleza habari za simu, kwa kuwa nimeishi nazo karibu miaka arobaini, na ninyi vijana mnaobeba simu mifukoni mnadhani zilizaliwa zikiwa hivyo.

Nilianza nikiwa msichana wa miaka ishirini, kwenye chumba cha kuunganishia simu hapa hapa Lushoto. Mbele yangu palikuwa na ubao mkubwa wenye matundu, na chini yake nyaya zenye vichwa vya shaba. Mtu akinyanyua simu yake, taa ndogo inawaka, unachomeka waya, unamuuliza anamtaka nani, unachomeka waya wa pili, basi wanaongea. Siku ya kwanza nilimuunganisha meneja wa shamba moja la chai na mwenye bucha. Waliongea dakika mbili nzima kuhusu mzigo uliochelewa kabla hawajagundua kwamba mmoja anazungumzia majani na mwingine maini. Nililia. Msimamizi wangu, Mzee Salimu, akasema afadhali hao wamepata kufahamiana.

Mzee Salimu alikuwa mtu wa kanzu safi na maneno machache. Ufundi alinionyesha kwa juma moja, halafu mwaka mzima akanifundisha adabu za waya. Salamu kwanza, alisema, hata kama mtu anapiga kuripoti moto. Na ukiwa unamtafutia mtu laini, usimwache gizani. Kila baada ya muda mfupi mwambie bado unamtafutia, la sivyo atadhani umekwenda kunywa chai. Kwa hiyo nilikaa pale miaka tisa nikisema "bado nakutafutia, ngoja kidogo" mara zisizo na hesabu, kwa Kiswahili na kwa Kishambaa, mpaka mume wangu akalalamika kwamba naisema hata usingizini.

Kazi ile inakupa masikio. Baada ya miaka michache nilikuwa najua simu inatoka wapi kabla mtu hajataja. Ya Bumbuli ilikuwa na mkwaruzo. Ya Tanga ilikuwa safi, kama mtu yuko chumba cha pili. Ya mbali zaidi ya Dar es Salaam ilikuja na mwangwi, sauti yako inakurudia kidogo, na kadiri ilivyopita mitambo mingi ndivyo mwangwi ulivyochelewa. Nilikuwa na marafiki wa sauti pia, wenzangu wa vituo vingine. Mmoja wao alikuwa Mwanjaa wa Tanga. Tulisimuliana uchumba, uzazi na misiba kwa miaka hiyo yote na sikuwahi kumwona uso.

Kisha ukaja mtambo mpya, watu wakaanza kujipigia wenyewe, na wengi wetu tukapunguzwa. Ilikuwa miaka ya soko huria, kila mahali watu wakipunguzwa, kwa hiyo hata aibu haikuwepo. Nikapata kazi kwa Umoja wa wakulima wa mboga, kwenye ofisi ya ghorofani juu ya duka la mbolea. Zamani wakulima walikuwa na mnunuzi mmoja, wakimlalamikia. Sasa wanunuzi walikuwa wengi, kila mmoja na lori lake, na mkulima wa Magamba alitakiwa kujua Jumapili kama lori litapanda mlima Jumatatu au kabichi zitamwozea. Yote hayo yalipita kwenye simu moja nyeusi iliyokuwa mezani kwangu. Meneja wetu alikuwa Bwana Mcharo, Mpare mwenye subira kwa kila kitu isipokuwa simu ikiwa inatumika na mtu mwingine.

Simu ile ilikuwa ya mboga, lakini ikawa ya kila mtu. Mwanachama mwenye mtoto Dar es Salaam alitoa namba yetu, mwenye mgonjwa alitoa namba yetu. Ndivyo nilivyomfahamu Anjelina. Mama yake alikuwa mjane wa Gare, analima karoti, mwanachama mzuri asiyechanganya udongo kwenye gunia. Anjelina alikuwa amemaliza kidato cha nne na kuomba nafasi ya uuguzi kwenye chuo kimoja huko nyanda za juu kusini. Mwaka wa kwanza alikosa. Mwaka wa pili akapata barua kwamba jina lake ni la kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri. Mwanafunzi yeyote asipotokea, chuo kingempigia simu, kwa kuwa barua ingefika masomo yakiwa yameshaanza. Namba aliyoandika kwenye fomu ilikuwa yetu. Mjomba wake alikuwa ameshasema kwamba mwaka huu ukipita, binti aache kusumbua simu za watu, ashike jembe.

Basi wiki zile za kufungua vyuo Anjelina alikuwa anashuka kutoka Gare kila Ijumaa na kila Jumamosi. Anafika, ananipa shikamoo kwa kupiga goti kidogo, anakaa kwenye benchi. Haulizi. Simu ikilia anainuka nusu, nikisema "Umoja wa wakulima, karibu, kabichi au karoti?" anakaa tena. Jumamosi nilifungua ofisi mpaka saa sita kwa ajili ya simu za wanunuzi, naye alikuwa anakaa mpaka nifunge.

Katika kipindi hicho hicho kompyuta ikaja. Tulipewa na wafadhili, pamoja na kisanduku cheusi kiitwacho modemu, chenye taa nyekundu sita mbele. Waya wa simu ulitoka ukutani ukaingia kwenye kisanduku, na kutoka kwenye kisanduku ukaingia kwenye kompyuta. Aliyekuja kuifunga ni Fundi Jerome, kijana wa Tanga mjini aliyeanza kuvaa sweta akiwa Mombo, chini ya mlima, na kufikia Soni alikuwa amevaa la pili. Alituambia modemu itapeleka faksi na barua pepe. Bwana Mcharo akafurahi. Halafu Jerome akafungua programu nyingine, na hapo nikafurahi mimi.

Programu ile ilikuwa inapokea simu. Simu ikilia mara nne bila mtu kuinyanyua, modemu inaitikia, kompyuta inamsomea mpigaji maneno niliyoyarekodi, inatoa mlio, kisha inarekodi atakayoyasema. Ukija asubuhi unakuta orodha kwenye kioo: siku, saa, urefu wa ujumbe. Unabonyeza, unasikia. Nikakumbuka miaka tisa ya kukaa na vifaa vya masikioni, zamu za sikukuu zikiwemo, nikamwambia Jerome arudie kunionyesha.

Alinipa kanuni mbili. Ya kwanza, ngurumo zikianza, chomoa waya wa simu ukutani haraka, maana radi ya milimani inapitia kwenye waya na kuiua modemu papo hapo, na nyingine hatutapewa. Ya pili, sauti inakula diski. Diski yetu ilikuwa ndogo, na mtu akiweka simu vibaya kompyuta inaendelea kurekodi kimya chake. Kwa hiyo kulikuwa na mahali pa kuamua programu ingoje sekunde ngapi za kimya kabla ya kukata. Jerome aliacha kumi.

Kurekodi maneno ya kupokelea kulitutoa jasho. Tulirudia mara kumi na moja kwa sababu ya jogoo wa jirani na kwa sababu yangu. Mwishowe nikasema hivi: "Karibu sana, hapa ni ofisi ya Umoja wa wakulima wa mboga, Lushoto. Kwa sasa ofisi imefungwa. Ukisikia mlio, sema ujumbe wako. Hujambo lakini? Habari za huko?" Kisha mlio.

"Mama Hiza," Jerome akasema, "mashine haiulizi hali ya mtu."

"Hii ya kwangu inauliza," nikamjibu. Niliona fahari. Akacheka, akateremka zake kwenye joto.

Wiki tatu za kwanza tuliitumia usiku tu na saa ya chakula, mambo yakaenda. Kisha Ijumaa moja mchana kioo kikaandika kwamba diski inakaribia kujaa. Nikaangalia orodha nikakuta ujumbe mrefu mrefu ambao ndani yake hakuna neno, ni ng'ombe wanalia na watu wanapita. Sikumuuliza mtu. Nikafungua pale mahali pa kimya, nikafuta kumi, nikaandika tatu. Nilijisikia mtaalamu. Halafu nikamgeukia Anjelina kwenye benchi.

"Mwanangu, kesho usije," nikamwambia. "Kesho sifungui. Kompyuta itapokea simu zote, na Jumatatu nitakuta kila kitu kimeandikwa. Kapumzike."

"Itapokea hata ya chuo?"

"Itapokea hata ya Ulaya."

Akanishukuru. Nami nikapata Jumamosi yangu ya kwanza tangu niajiriwe. Nikapanda Magamba kwenye harusi ya binti wa dada yangu, nikala nikashiba, nikacheza.

Jumatatu nilifika mapema. Orodha ilikuwa na simu kumi na tisa, na ukiacha moja ya karibu na mwisho, hakuna iliyozidi sekunde sita. Nikasema moyoni, ona sasa, watu wamejifunza kusema kwa ufupi. Nikabonyeza ya kwanza. Sauti ya mzee: "Sisi wazima, sijui ninyi?" Kisha kimya, kisha kukatika. Ya pili, mwanamke: "Shikamoo Mama Hiza." Kimya, kukatika. Ya tatu mtu alisalimu kwa Kishambaa, akangoja, ikakatika. Ya nne ilikuwa: "Hatujambo, habari za hapo?"

Wenzangu walikusanyika nyuma yangu, wakaanza kucheka. Mimi pia nilicheka mpaka ya saba hivi. Kufikia hapo nilikuwa nimeelewa nilichofanya. Watu wetu walisikia sauti ya mwanamke inawaambia karibu na kuwauliza hali. Wakajibu, wakauliza hali yake, wakangoja aitikie, kama kila mtu aliyelelewa na wazazi anavyongoja. Huwezi kuanza kutaja magunia kabla mwenzako hajasema nzuri. Wao wakangoja kwa adabu, na kompyuta ikahesabu tatu na kuwafungia mlango usoni. Simu baada ya simu, salamu baada ya salamu, ujumbe hakuna hata mmoja.

Ya kumi na mbili ilikuwa ya Jumamosi saa nne asubuhi. Sauti ya mwanamume mtu mzima, ya taratibu: "Salama. Habari za huko?" Ikakatika. Ya kumi na tano, Jumamosi saa tisa, ni yeye tena: "Habari za mchana hapo?" Ya kumi na nane, Jumapili alasiri, ni yeye, na safari hii hakungoja. "Nimesalimu, na jana nimesalimu mara mbili, sijaitikiwa. Sasa ni mara ya tatu. Basi, kwaherini." Akaweka simu chini.

Kicheko kikaisha. Kila mtu pale alijua maana yake. Mtu akipiga hodi mara tatu kwenye nyumba na asikaribishwe, anageuka anaondoka, na hana kosa.

Nikairudia. Nikairudia tena. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mwangwi unaochelewa, mwangwi wa mbali kupita Dar es Salaam. Na katika ile ya Jumamosi asubuhi, kabla tu ya kukatika, mtu aligonga kipande cha reli, kengele ya shule, na wasichana wengi wakapita wakiongea.

"Bwana Mcharo," nikasema, "hiki ni chuo cha Anjelina."

"Au ni shule ya bweni inataka kabichi," akasema. "Shule nyingi zinanunua kabichi."

"Shule haipigi Jumapili kutaka kabichi."

"Mama Hiza, nangoja simu ya mnunuzi saa tatu. Laini ni moja."

"Mnunuzi wako atapiga tena," nikamwambia. "Huyu ameshaaga."

Akaniangalia, akaangalia saa, akavuta kiti chake akakaa kwenye lile benchi. Akasema, "Haya, piga."

Namba ya chuo sikuwa nayo. Barua ya Anjelina ilikuwa Gare, na nilichokumbuka ni jina la mji tu. Nikampigia Mwanjaa. Yeye hakupunguzwa, alikuwa bado anakaa kwenye simu za maulizo Tanga. Nilimsalimu sawasawa, watoto, mume, mguu wake wenye maumivu, kisha nikamwambia shida. Akanishika kwenye laini, akaongea na mwenzake wa Dar es Salaam, na yule akaongea na wa kule kusini, na kila baada ya muda mfupi Mwanjaa ananiambia, "Bado nakutafutia, shoga yangu." Baada ya robo saa nilikuwa naongea na chuo. Nikaomba msajili.

"Haloo," ikasema ile sauti ya taratibu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Inatoka wapi salamu hii?"

"Lushoto, Mwalimu. Umoja wa wakulima wa mboga."

"Kumbe kuna watu huko," akasema.

Nikamuuliza habari za asubuhi, za kazi, za nyumbani, za mvua. Akajibu zote, moja moja, na hakunirahisishia. Aliitwa Mwalimu Lazaro. Kisha akaniambia kwamba ni kweli, alikuwa anamtafuta Anjelina. Msichana mmoja hakutokea, nafasi ikawa wazi, akapiga mara tatu. Tangu jana alikuwa amemwandikia barua anayefuata kwenye orodha, ambaye hakuacha namba ya simu. Barua ilikuwa mbele yake, imeshafungwa, inangoja gari la kwenda posta.

"Nieleze kitu kimoja," akasema. "Yule mama aliyenikaribisha vizuri na kuniuliza hali, kisha nikimsalimu ananikatia simu. Nilimkosea nini?"

"Si mama, Mwalimu. Ni kompyuta. Ni sauti yangu, lakini mimi sikuwepo."

"Kompyuta imeniuliza habari za huku?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na haikutaka kuzisikia."

Nilisikia kipande cha reli kikigongwa tena kule kwake.

"Nani aliifundisha kutongoja?" akauliza.

Ningeweza kumtaja fundi. Ningeweza kusema ni mtambo. Bwana Mcharo alikuwa ananiangalia kutoka kwenye benchi na alikuwa tayari ananitikisia kichwa nisijitie matatani.

"Ni mimi," nikasema. "Iliwekewa sekunde kumi, nikaipunguza hadi tatu Ijumaa, ili diski isijae. Na binti alikuwa anakaa hapa kila Jumamosi kungoja simu yako, mimi ndiye niliyemrudisha nyumbani. Yeye hana kosa lolote. Nikose mimi, Mwalimu, asikose yeye."

Mwangwi ukanirudishia maneno yangu ya mwisho. Nilifikiri laini imekatika.

"Sekunde tatu," akasema hatimaye. "Mimi hapo hata koo sijasafisha." Kisha: "Awe hapa Jumatano kabla ya saa kumi jioni. Akichelewa, barua hii inakwenda. Yule mwingine naye ana mama yake."

Niliweka simu chini nikalia kwa mara ya pili katika kazi zangu zote. Bwana Mcharo akasema mnunuzi wake hakika ameshapiga na kukuta laini imejaa, kisha akaniambia gari la kuchukua karoti Gare linaondoka saa tano, nipande.

Niliwakuta Anjelina na mama yake shambani, wanapalilia. Aliponiona ninateremka kwenye ukingo wa tuta na viatu vya ofisini, alisimama wima na jembe mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Weka jembe."

"Imepigwa?"

"Imepigwa mara tatu," nikasema, na nikaanza kueleza yote, kompyuta, diski, harusi ya Magamba niliyokwenda kucheza. Nilitaka waseme neno la kunilaumu ili nipumue. Mama yake alisikiliza mpaka kwenye siku ya Jumatano, akaniinulia mkono.

"Mama Hiza, hayo mengine utayamalizia siku nyingine," akasema. "Sisi hatuna sanduku la safari. Ninyi mjini mnalo?"

Nilikuwa nalo. Jumanne alfajiri Anjelina aliondoka na basi la kwanza, ameniahidi kupiga simu akifika, na sanduku langu la harusi likafungwa kamba juu ya paa. Safari ya siku mbili, na barabara ya kule kusini, kwa walioijua, haikuwa ya kuahidiana saa.

Siku hiyo hiyo nilirekodi upya. Nilifikiria sana, kwa sababu sauti isiyomwona mtu haijui umri wake. Ikisema marahaba kwa kila mtu, itamtukana mzee. Ikisema shikamoo kwa kila mtu, itamtia haya mtoto. Mwisho nikasema: "Hapa ni Umoja wa wakulima, Lushoto. Mimi ni Mama Hiza, lakini sipo, unayemsikia ni kompyuta, haiwezi kukujibu. Kama wewe ni mkubwa wangu, shikamoo. Kama ni mdogo wangu, marahaba. Sisi wote hatujambo na za hapa ni nzuri. Salamu zimekwisha. Ukisikia mlio, sema shida yako." Pale kwenye kimya nikaandika kumi na tano. Diski ikijaa nitafuta, ndiyo kazi yangu. Baadaye nilipata habari kwamba wazee wa Bumbuli walikuwa wanapiga Jumapili kwa ajili ya kupewa shikamoo tu.

Jumatano mchana mawingu yakakusanyika juu ya Magamba. Saa nane ngurumo zikaanza. Nikasimama karibu na ukuta, mkono kwenye waya, kama kanuni inavyosema. Kisha nikauondoa. Ningeuchomoa, na Anjelina akipiga nimekwisha ondoka, angekuta tena nyumba isiyo na mtu. Saa kumi ikafika, simu haikulia. Saa kumi na moja, haikulia. Bwana Mcharo akapita na koti lake la mvua.

"Hujachomoa," akasema.

"Sijachomoa. Radi ikiipiga, nitaeleza mimi."

"Kwa wafadhili?"

"Kwa yeyote."

Akafunga dirisha, akaniambia twende nyumbani. Usiku ule nilihesabu kila radi kutoka kitandani.

Alhamisi nilipanda ngazi na mwavuli unaochuruzika. Taa zote za modemu zilikuwa zinawaka. Kwenye kioo kulikuwa na ujumbe mmoja, wa Jumatano saa kumi na mbili kasoro jioni, tulikuwa tumetoka punde tu. Nikakaa bila kuvua koti, nikabonyeza.

"Shikamoo Mama Hiza," akasema Anjelina.

Halafu akanyamaza. Mwangwi, pumzi yake, viti vinasogezwa mahali fulani. Nilitazama sekunde zikihesabiwa kwenye kioo, tano, nane, kumi na moja. Alikuwa ameshasikia sauti yangu ikimwambia hakuna mtu, ikimwambia salamu zimekwisha. Alijua kabisa kwamba hakuna atakayeitikia. Alingoja.

"Marahaba mwanangu," nikasema.

"Nimefika," akasema. "Gari lilituharibikia njiani, nimefika saa tisa na nusu. Mwalimu Lazaro ameichana ile barua. Nimepewa kitanda. Mwambie mama."

Nikageuka. Bwana Mcharo alikuwa mlangoni na kikombe cha chai mkononi, na alikuwa amenisikia nikiongea na kompyuta asubuhi na mapema. Hakucheka. Alivuta lile benchi karibu na meza, akakaa.

"Rudisha mwanzo," akasema. "Nami nimwitikie."